Waya wa Sikioni

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Nimechuma majani chai hadi vidole vikapasuka. Baridi ya Kangari haizoeleki, mifupa yangu bado inatafuta jua la Bungoma. Jioni, sala ya jumuia. Jumapili ni zamu ya sisi vibarua kusoma somo kanisani. Katekista amesema tukiharibu kama mara ile, zamu yetu wanapewa watu wa mjini. Mara ile msomaji nilikuwa mimi. Walicheka. Nimeomba nisome tena. Kwa hasira tu.

Jumanne, 4 Machi
Macho yangu ni mazima, kliniki walipima. Herufi ndizo hazitulii. Shuleni walinichapa kwa hilo mpaka nikaacha darasa la sita. Kuandika naweza, maneno yangu nayajua yanakoelekea. Ya wengine yananikimbia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda saiba, duka la kompyuta. Nilitaka somo lichapwe kwa herufi kubwa, nikaeleza kwamba herufi hazinitulii. Binti wa pale akasema, "Mzee, kwani hujui hii? Ni ya watu kama wewe, na hulipi." Watu kama wewe. Karibu nimjibu vibaya. Amefungua ukurasa mtandaoni kwa simu yangu, akabandika somo, akabonyeza. Simu ikasoma. Kila neno likisomwa linawaka njano. Nimesimama pale kama mti. Kumbe tuko wengi hadi tumetengenezewa kitu. Zile fimbo zote zilikuwa za nini?

Ijumaa, 7 Machi
Nimechuma huku nasikiliza simu kwa waya wa sikioni. Wanjiku wa mstari wa pili, yule aliyenibandika jina la Profesa, akauliza kama ni mpira. Nikamwambia ni somo.
"Ati simu inakusomea? Basi iende kanisani yenyewe, wewe ubaki hapa na kikapu."
Nimecheka. Kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi kanisani. Katekista ameona waya. "Toa hiyo kitu. Hapa tunasoma, hatusomewi." Nimeeleza kuhusu herufi. Ati ni uvivu, ati ni kama kuibia mtihani. Huku anapapasa mfuko akitafuta miwani yake. Nikamwambia naye aiache mfukoni, tusome wote hivyo hivyo. Akasema kesho nitaona. Ningempiga.

Jumapili, 9 Machi
Nimepanda na waya sikioni. Simu nimeiweka juu ya meza ya kusomea, kila mtu aione. Katekista aliinuka nusu. Padri akamtazama. Akakaa.
Nimesoma polepole, sikio mbele, macho nyuma. Jina moja nimelikosea, nikalirudia. Hakuna aliyecheka. Kwenye matangazo, zamu imebaki kwetu.
Nje, Wanjiku akasema nimechelewesha chai. Halafu, watu walipopungua, akauliza kwa sauti ndogo kama hiyo simu inaweza kumsomea hata yeye.
Nimempa upande mmoja wa waya. Tumekaa kwenye ngazi, tukasikiliza somo tangu mwanzo.