Veronika wetu na chama cha waliosoma chuoni

Leo Jumapili. Alfajiri kimepita kimvua, si cha kupandia, cha kulaza vumbi tu, na sasa jua limetoka kali. Nimekaa barazani. Kanisani sikwenda, goti linauma, na moyo nao hauko sawa.

Daftari, mimi sijui kusoma wala kuandika, unanijua. Anayeandika ni mkamwana wangu Veronika, mke wa Kasanda. Kasanda ndiye aliyekuleta kutoka kazini kwake stesheni, akasema, "Mama, maneno yako yameijaza nyumba, mengine mwekee huyu." Basi nakuwekea. Na ya leo yanamhusu huyohuyo anayeandika. Nimemwambia asiruke hata neno.

Ameinama. Haniangalii.

Jana walikuja wale wasichana wa chuo. Nawaita wasichana, lakini ni walimu, watu wazima, wana watoto. Walisomea ualimu hapa Tabora, kwenye chuo cha wasichana, halafu wakatawanyika, huyu Sikonge, huyu Lusu, huyu Bukene. Wana chama chao cha waliosoma pale, na wanakutania kwangu kwa sababu nyumba iko karibu na stesheni. Anayeshuka kwenye treni anafika kabla jasho halijamtoka. Baba yangu mimi alitoka hapahapa akaenda pwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Anaondoka mama ana mimba, anarudi mtoto anatembea. Hawa wanalalamika treni imechelewa. Lakini hayo si ya leo.

Ya leo ni kwamba yule mama Mzungu, mkuu wa chuo, anarudi kwao Ulaya moja kwa moja. Yeye ndiye aliyekianzisha hicho chama, na sheria zote ni zake. Sasa kimebaki mikononi mwao wenyewe, na jana walikuja kuamua kife au kiendelee, na kikiendelea kiwe cha nani. Maana wanapungua. Huyu kaolewa Kigoma, yule mume wake hataki aonekane barabarani. Mwalimu Agnesi wa Bukene, mwenyekiti wao, akasema wakienda hivi, mwisho watakutana yeye na kivuli chake.

Zuhura akamwambia, "Na hicho kivuli nacho kitachelewa treni." Zuhura ni wa kwa Waarabu wa mjini, baba yake ana duka la nguo. Mdomo wake hauna likizo. Tukacheka.

Mimi nilikuwa pembeni namenya karanga. Nikawaza, wanasema wanapungua, na mwenzao wanaye hapahapa anawamiminia chai.

Veronika alisoma nao. Kitanda chake na cha Agnesi vilikuwa pamoja. Ulibaki mwaka mmoja amalize, akaolewa na Kasanda, na yule mama Mzungu hakutaka mwanafunzi mwenye mume. Asiye na cheti hayumo kwenye chama. Kwa hiyo kila wakija yeye anapika, anatandika mikeka, na wakianza mambo yao anarudi jikoni. Nyumba ni yake. Jikoni anawasikia.

Hayo nimeyaona miaka yote, nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza.

Jana nikashindwa. Nikawaambia habari za kulima. Sisi usichana wetu tulilima kwa kundi, leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mtu na mstari wake, na jioni mwenye shamba anatoa pombe. Siku moja mwenzetu alishikwa na uchungu katikati ya mstari. Wawili wakampeleka kwao, sisi tuliobaki tukaumaliza mstari wake, na jioni pombe yake ikapelekwa kwa kibuyu mpaka mlangoni. Hakuna aliyesema huyu hakumaliza. Nikawaambia, na huyu wangu ndivyo, alishikwa katikati ya mstari.

Zuhura akasema, "Kumbe mama anataka tunywe pombe. Baba yangu atanifungia dukani." Wakacheka. Mimi nisingechukia, angeachia hapo. Lakini Agnesi akasema, tena kwa adabu, "Mama, tumekusikia. Ila mstari wa darasani hakuna aliyemlimia. Na wapo wengi walioachia njiani. Tukimwingiza mmoja kwa kuwa tunakula kwake, wale wengine tutawaambia nini?"

Neno lile lilikuwa na akili. Ndiyo maana lilinichoma.

Nikawaambia kama Veronika si mwenzao, watafute nyumba nyingine, mimi mikeka yangu nakunja.

Chai wakaimaliza harakaharaka. Michembe yangu, viazi vitamu vya kukausha ambavyo hupikwa na karanga, hata hawakuigusa, na wanaipenda. Agnesi akapiga goti kuniaga kama siku zote, akasema watarudi Jumamosi ya mwezi ujao kumalizia, "ukituruhusu, mama."

Ukituruhusu. Hajawahi kuniambia hivyo.

Nilidhani Veronika atanishukuru. Aliosha vyombo, hakunisemesha. Leo asubuhi kaniamkia, shikamoo, marahaba, kaniwekea uji, basi. Ndipo nikamuuliza kitu ambacho nikifikiri vizuri hakuna aliyewahi kumuuliza, si Agnesi, si Kasanda, wala mimi. Wewe mwenyewe unataka kuingia?

Akajibu, "Nataka, mama. Nataka sana. Hata wakikataa, sawa. Lakini nilitaka niwaombe kwa mdomo wangu, na jana mdomo wangu umeutumia wewe."

Hapa kalamu imesimama. Nimemwambia andika, ndivyo ulivyosema.

Amesema ana la kuwaambia kuhusu wote walioachia njiani, si yeye peke yake. Amelifikiria siku nyingi pale jikoni. Nilitaka kumuuliza ni lipi. Nikajizuia, na kujizuia kwangu si kazi ndogo.

Sasa nimeamua. Kasanda atampa ujumbe mtu wa treni ampelekee Agnesi, kwamba nyumba ni yao na waje. Mimi Ijumaa ya kuamkia siku yao napanda lori niende Sikonge kwa mdogo wangu, nikale asali, nirudi Jumapili. Chai atamimina nani, sijui, wana mikono. Veronika atakaa mkekani na wenzake. Wakimkataa, watamkatalia nyumbani kwake wakimtazama usoni, bila kizee pembeni cha kuwatisha. Wakimkubali, watakuwa wamemkubali yeye.

Kutwa nzima niko Sikonge, huku Tabora wanasema, na mimi sisikii. Nitawezaje?

Nitakwenda hivyohivyo.