Matembezi Tuliyomficha Nassor

Jumatatu, 3 Novemba

Leo tena bustanini. Mizunguko miwili, na wa pili sikukaa hata mara moja. Goti linalalamika, nyonga imetulia. Wanjiru, mfanyakazi wetu wa nyumbani, kanishika mkono mpaka penye kivuli, kisha kaniachia nitembee mwenyewe na mkongojo, yeye hatua moja nyuma yangu. Joto limepungua. Mtu unaweza kuvuta pumzi.

Saa nane tumesharudi. Viatu tumevifuta mchanga. Nassor hutoka kazini saa moja, na ajuavyo yeye, mama yake kashinda sebuleni na tasbihi.

Si vizuri, najua. Lakini tangu nivunjike nyonga, mwanangu kaniwekea amri: sitoki bila yeye. Na yeye hana nafasi. Mwaka mzima nimeutazama mtaa wetu wa Warqa dirishani. Ni Wanjiru aliyesema siku moja, huku ananikunja shuka, kwamba miguu isiyotembea husahau. Kesho yake tukatoka mpaka msikitini na kurudi. Ndipo ilipoanza.

Jumatano, 12 Novemba

Mabasi mawili mpaka kwa heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, kule mwisho wa hori la bahari. Njia kaigundua Wanjiru. Kawauliza walinzi, Wakenya wenzake, kaichora nyuma ya karatasi ya dawa zangu.

Kuna kibanda cha mbao na darubini. Heroe mamia kwa mamia, vichwa majini, na nyuma yao majengo yale marefu. Nimeletwa mji huu bibi harusi, leo nina wajukuu, na sikupata kuwaona. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa gari. Dukani, kwa jamaa, nyumbani. Sikumlaumu, wala simlaumu.

Wanjiru kasema kwao Nyeri mtu akikaa ndani siku nzima majirani huja kuuliza anaumwa nini. Nimecheka mpaka mlinzi wa ndege katutazama.

Mchana nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Alhamisi, 20 Novemba

Nassor kaona majani makavu kwenye pindo la buibui langu. Kauliza nilikuwa wapi. Nimemwambia barazani. Kaamini. Kaamini kwa sababu ni mtu mwema na kachoka. Kisha kakaa chini akanikanda miguu, akasifu kwamba imepata nguvu.

Nimejiona mdogo kama punje.

Wanjiru kasikia yote, alikuwa jikoni. Baadaye kaniomba tumwambie. Nikasema bado. Kanijibu, "Sawa, Mama. Lakini kafeel wangu ni yeye, si wewe. Kibali changu kiko mkononi mwake."

Sikulipenda jibu lile. Nimemnunia mpaka chakula cha usiku. Hata sasa naandika nimenuna.

Jumamosi, 22 Novemba

Nassor kenda Abu Dhabi kikazi. Hapa mjini kuna maonyesho ya wakulima, na leo siku ya mwisho. Mboga, asali, mbuzi wa kushindanishwa. Wanjiru hataki, watu watakuwa wengi. Mie nataka. Tunakwenda.

Jumatatu, 24 Novemba

Hospitali. Mkono wa kushoto una plasta mpaka kiwikoni. Wa kulia mzima, ndio huu.

Niandike ilivyokuwa, maana nimeshaanza kuipamba kichwani.

Maonyesho yalikuwa mazuri. Mabiringanya, nyanya za kila rangi, mzee mmoja wa kutoka Hatta na asali yake ya mkunazi. Nilionja mara tatu. Mbuzi walikuwa wamechanwa nywele na kutiwa shanga. Wanjiru kawakagua meno na kwato kama hakimu, akamwambia mwenye mbuzi, kwa Kiarabu chake cha jikoni, kwamba yule mweusi ndiye atakayeshinda. Akashinda kweli. Sikupata kumwona amefurahi vile.

Kisha nikataka chai. Kaniweka kwenye kiti kivulini, kaniambia nisiinuke mpaka arudi. Kalirudia neno hilo mara mbili. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaona wamama wanasuka makuti jukwaani, nikakumbuka nyumbani kwetu nilikokulia, nikainuka. Mkongojo nikauacha kitini. Ngazi mbili tu. Ya pili sikuiona.

Nassor kafika hospitali na nguo za safari. Alikuwa na hofu, na hofu kwa mwanangu hutoka kama ghadhabu. Kamwita Wanjiru mwongo mbele ya manesi, kamuuliza nani kampa ruhusa ya kunitoa. Wanjiru aligeuka. Alinitazama mimi.

Nilifumba macho. Nikajifanya dawa imenilaza.

Nilisikia kila neno.

Jumanne, 25 Novemba

Nimerudishwa nyumbani. Chumba cha Wanjiru kitupu, shuka zimekunjwa. Nassor kamrudisha kwenye ofisi ya mawakala waliomleta. Kasema khalas, yamekwisha, watamrudisha Kenya wiki ijayo, na mwengine atapatikana.

Nikasema, haya.

Hilo tu.

Jumatano, 26 Novemba

Siku nzima sikusema. Nassor kachukua likizo kunitazama. Kapika wali ukaungua, tukala hivyo hivyo. Mara tatu nimefungua mdomo. Naogopa nini? Hawezi kunipiga, hawezi kunifukuza. Naogopa asinitazame tena kama anavyonitazama.

Na kwa hilo mwanamke wa watu anarudishwa kwao na jina baya.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimemwambia.

Baada ya sala ya asubuhi, kabla hajainuka kwenye msala. Nimemwambia yote: bustani, heroe, majani kwenye buibui, kiti kivulini. Kwamba mimi ndiye niliyetaka kwenda na yeye ndiye aliyekataa. Kwamba hospitali nilikuwa macho.

Kaukunja msala polepole. Kisha kasema, "Mama, nimemwita mwongo mbele ya manesi. Na wewe ulikuwa unasikia."

Nikasema ndio, mwanangu.

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza. Kachukua ufunguo wa gari akatoka.

Karudi mchana kutoka ofisi ya mawakala, peke yake. Wanjiru kasema atafikiri kama arudi kwetu.

Jumamosi, 29 Novemba

Kaja. Hakuingia chumbani, kakaa sebuleni na begi miguuni. Nassor kamwomba radhi wima, kama mtu anayetoa ushahidi. Kisha katuacha wawili.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yalinitoka mawili tu, nisamehe Wanjiru.

Kasema kanisamehe. Lakini ana sharti. Kila Jumapili atoke, siku nzima, peke yake. Nikashangaa. Nikamwambia mbona tulikuwa tukitoka, wiki baada ya wiki, mabustani yote yale, nilidhani na yeye anapumzika.

Kanitazama kwa upole. "Hiyo ilikuwa kazi, Mama. Kazi nzuri, niliipenda. Lakini kila hatua nilikuwa nahesabu miguu yako."

Miezi mingapi tumetembea, na mimi nilikuwa naona ndege. Yeye alikuwa anaona ngazi.

Nikasema Jumapili ni yako. Na matembezi yetu mengine Nassor atayajua, siku na mahali. Kaingiza begi ndani.

Jumapili, 7 Desemba

Wanjiru katoka saa mbili na gauni la buluu. Kanisani kwanza, halafu na rafiki zake. Wapi, hakusema, sikuuliza.

Nassor kakaa nami asubuhi. Tumetembea mpaka mwisho wa mtaa. Hajui kutembea na mzee. Hutangulia, akakumbuka, akasimama, akarudi. Tumekuta paka watatu juu ya ukuta wa jirani na mkunazi wenye matunda. Kaniuliza heroe wako upande gani. Nikamwonesha kwa mkongojo. Kasema wiki ijayo inshallah tuende sote, kama na Wanjiru atapenda. Kisha kafikiri, kasema siku ya kazi, si Jumapili yake.

Magharibi Wanjiru karudi, viatu mkononi, uso umeiva kwa jua. Nimemwambia akae, chai nimepika mwenyewe kwa mkono mmoja, imezidi iliki. Kakaa. Kasema walipanda kivuko cha kuvukia Deira, upande wa pili wa hori, wakarudi, wakavuka tena, bila shughuli yoyote ng'ambo. Mara nne. Upepo ulimpeperushia kitambaa, mtu asiyemjua akakidaka. Kuna mahali panauzwa maua tu, ukumbi mzima, na hakuna aliyemzuia kunusa.

Alisimulia mpaka adhana ya Isha. Sikumkatiza.