Maelezo ya Tryphena Wayua Kuhusu Kifaa cha Goti Kilichotolewa Vyuma

KITUO CHA POLISI, VOI
Maelezo ya shahidi, yaliyoandikwa Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025, asubuhi

Jina: Tryphena Wayua Musyimi
Umri: miaka 43
Kazi: fundi cherehani, sokoni Voi
Makazi: Sofia, Voi

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Ni mama yake Mwende, msichana wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili na winga wa timu ya mpira ya shule yake hapa Voi.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mwende aliumia goti mazoezini. Daktari alituambia kano ya ndani ya goti, ule mshipa mgumu unaoshikilia mifupa, imechanika nusu. Alimpa kifaa cha kuvaa gotini, cha kitambaa kizito chenye vyuma viwili pembeni, akasema asicheze mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Nilimpelekea habari hiyo Mwalimu Thadeus Mwandawiro, kocha wa timu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaniambia, "Sawa, Mama Mwende. Afya kwanza." Maneno hayo sasa yananichefua.

Mwezi wa tano uvimbe uliisha, na kila mtu akaona amepona. Mwende mwenyewe alikuwa akirukaruka jikoni kunionyesha. Mwalimu akanipigia simu kuomba aandamane na timu kwenda fainali huko Ronge, awashangilie wenzake tu. Nikakubali.

Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, nilifunga kibanda nikaenda Ronge. Nilifika uwanjani mwendo wa saa tisa alasiri, mechi ikiwa imeanza. Nikamwona binti yangu mle ndani, amevaa jezi na kile kifaa gotini. Nilimwendea mwalimu nikamuuliza huyu mtoto anafanya nini mle. Akanijibu bila kunitazama: "Tulia, mama. Si amevaa kifaa? Na kuna watu wa timu ya Mombasa wamekuja kumwona."

Nilimwambia amtoe sasa hivi. Akasema atamtoa wakati wa mapumziko. Mapumziko hayakufika. Mwende alipokea mpira, akataka kugeuka, akaanguka. Hakuguswa na mtu yeyote. Nilimsikia akipiga kelele kutoka pale niliposimama, na mimi nikapiga zangu.

Nilipomfikia nilishika kifaa nikivue. Kilijikunja mkononi kama soksi. Vyuma havikuwamo.

Golikipa wa timu ya Mwende, msichana anayeitwa Lynn, aliniambia huku akilia: "Refa alikataa vyuma, auntie, akasema vitaumiza wengine. Mwalimu akavitoa na wembe kwa basi, akamwambia Mwende sasa uko fiti."

Nilimuuliza mwalimu kama ni kweli. Hakukana. Alisema, "Refa alikataa. Sasa ningefanya nini?" Nikamwambia, "Ungemkalisha benchi." Pale alipochana kwa wembe hata hakupashona. Mimi ni fundi, na hata nguo ya mteja mkorofi siwezi kuirudisha ikiwa vile.

Daktari sasa anasema kano imekatika yote, na ule mto laini ulio kati ya mifupa umepasuka pia. Itabidi afanyiwe upasuaji Mombasa. Nilipomuuliza habari ya mpira alisema kwanza tuombe atembee vizuri. Timu ilishinda. Jumatatu walipiga picha na kombe, mwalimu katikati amekenua meno, nikatumiwa kwa simu eti nifurahi nao.

Naomba iandikwe kwamba sikutumwa na mtu kuja hapa. Mwende hataki. Anasema mwalimu peke yake ndiye aliyemwamini, mimi nilitaka tu akae kibandani akishona vifungo. Jana aliniambia nikimshtaki mwalimu hatanisamehe maisha yake yote. Nimemwambia asinisamehe, bora awe anatembea.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa yote na sina la kupunguza.

Sahihi: T. W. Musyimi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Festus Munyoki, kama shahidi alivyoyasema. Amekabidhi kifaa kimoja cha goti, kitambaa tupu, kimechanwa pande zote mbili. Vyuma viwili bado havijapatikana. Nilimuuliza kama angekubali kukaa na shule wayamalize nyumbani. Alisema: "Afande, andika hapana." Nimeandika.