Neno Nililolipitisha

Lushoto, 4 Mei 2025

Mwanangu Mwanaheri,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua kwa baridi hii. Wewe je, joto la Dar umelizoea?

Kikundi chetu cha nyanya kimeanza kutumia ule mfumo wa kampuni yenu. Mkulima anaandika ujumbe kwenye simu, msaidizi wa kompyuta anamjibu na kumpangia nafasi kwenye gari analoendesha Yusufu. Wazee walisita. Nikawaambia, "Mwanangu ndiye anayeukagua." Wakakubali kwa jina lako. Sasa wananiuliza unakagua nini hasa, nami nabaki kutikisa kichwa. Nieleze.

Mjomba wako,
Idrisa

Dar es Salaam, 9 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo kabisa. Mwambie bibi namletea soksi nzito.

Yule msaidizi ana vifaa vyake ndani ya kompyuta: kimoja kinaandika oda, kingine kinabadilisha siku, kingine kinafuta. Kila kifaa kina maelezo mafupi. Msaidizi anayasoma, ndipo anachagua atumie kipi. Mimi nayasoma kabla yake na kuyapa alama. Je, yanasema wazi kifaa kinafanya nini? Yanaonya kisitumike wakati gani? Yakiwa mabaya nayarudisha kwa aliyeyaandika.

Waambie wazee watulie. Hakuna linalopita bila mimi kulisoma.

Mwanao,
Mwanaheri

Lushoto, 2 Juni 2025

Mwanangu,

Salaam. Afya tunayo, furaha hatuna.

Nyanya zetu zimeoza. Alhamisi Mama Hawa, yule jirani yetu mjane, alimwandikia msaidizi, "Nifungie mzigo wangu wa kesho," kama tunavyosema siku zote. Akajibiwa, "Tayari." Wengi wetu tuliandika hivyohivyo. Gari halikuja. Matenga yalikaa kando ya barabara mpaka maji yakaanza kuchuruzika. Mama Hawa alikaa pale pale akiyafukuza mainzi kwa kanga.

Tulimwita Yusufu kikaoni. Akasema, "Mzee Idrisa, oda zilikuwepo, halafu zikaondoka kwenye simu yangu." Nikamwambia mbele ya watu, mkewe akiwepo, "Kompyuta haina sababu ya kutudanganya. Muongo ni wewe, umepata mzigo wa mtu mwingine." 

Tazama huko kwenu uniletee ushahidi, tumalize jambo hili.

Mjomba wako

Lushoto, 23 Juni 2025

Mwanaheri,

U mzima? Napiga simu hupokei. Kikundi kimemtoa Yusufu, na mwenye gari naye kamnyang'anya ufunguo. Ameshuka Mazinde kupakia mchanga. Mkewe akiniona anabadilisha njia. Kama ushahidi umekosekana, sema tu.

Mjomba

Dar es Salaam, 6 Julai 2025

Mjomba, shikamoo, ingawa sijui kama nastahili kuitikiwa.

Ushahidi niliupata siku ileile niliyoipata barua yako ya tarehe 2 Juni. Yusufu hakusema uongo.

Kuna kifaa kimoja ambacho maelezo yake yalikuwa hivi: "Hufunga oda ya mkulima." Aliyeyaandika alimaanisha kuifunga isiendelee, yaani kuifuta. Nyinyi mlipoomba kufungiwa mzigo, yaani utayarishwe kwa safari, msaidizi aliona neno lilelile akakitumia kifaa hicho. Oda zote mlizokwisha kuandika zikafutwa.

Maelezo hayo niliyapitisha mimi. Niliyapa alama ya juu kabisa. Mimi, niliyekua nikikushikia kamba ukifunga matenga! Niliyasoma kama watu wa ofisini wanavyosema, sikuwakumbuka wa nyumbani.

Kazini nilisema mara moja, yakaandikwa upya: kifaa kinafuta oda, na msaidizi lazima kwanza amuulize mkulima. Hakuna aliyenigombeza. Lakini kwako nilinyamaza. Niliposoma kwamba Yusufu ametolewa, nilizima simu. Niliona aibu, mjomba, na aibu yenyewe ikanifanya nizidi kukosa.

Nakuomba kitu kimoja. Ukiwaeleza watu, sema ilikuwa hitilafu ya mfumo. Usinitaje.

Mwanao,
Mwanaheri

Lushoto, 14 Julai 2025

Mwanaheri,

Salaam. Bibi yako anakusalimu. Yeye sijamwambia.

Nimeshuka Mazinde. Yusufu aliponiona aliweka koleo chini, akajifuta mikono. "Shikamoo, mzee."  Mtu niliyemwita muongo mbele ya mkewe, bado ananiamkia.

Nikamwambia, "Yusufu, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema nisichokijua."

"Nani kakwambia?"

Nikalikumbuka ombi lako. Lakini nikajibu, "Mwanaheri."

"Amejua tangu lini?"

Nikamwambia na hilo. Hakutukana. Alitazama mchanga, kisha akasema, "Mimi nilianza kujishuku mwenyewe, mzee. Nilimwambia mke wangu labda nilibonyeza vibaya." Akaokota koleo lake akaendelea na kazi. Nilisimama pale, hakunitazama tena.

Kurudi kwenye kikundi hataki, na simlaumu.

Kikao ni Jumamosi. Nitasimama niseme la kwangu, mkewe akisikia. La kwako sitalisema, kwa kuwa si langu, na hiyo hitilafu ya mfumo haitatoka mdomoni mwangu. Nimekwisha kuwaambia wajumbe kwamba utakuja kulisema mwenyewe. Nimeshasema nisichokijua mara moja mwaka huu. Isiwe mara mbili.

Mjomba wako,
Idrisa