Mlango Wangu Kwenye Mkutano wa Wakubwa

Jumatatu, 3 Machi

Herufi nimezijua uzeeni, zinayumba, lakini hili lazima niliandike. Alhamisi wakubwa wa nchi zote mbili wanakaa chumba cha katikati, kati ya geti letu na la majirani, pale ninapopika chai na kufagia. Wakikubaliana, sisi wa mpakani tutavuka kwa kitambulisho tu. Kitambulisho tu! Kitindamimba wangu kaolewa ng'ambo, mwanawe ana miezi saba, sijamshika hata kidole. Namtazama kupitia waya kama picha ya kalenda.

Nimepiga deki mara tatu.

Jumatano, 5 Machi

Vituko. Sisi tumeleta meza, wao wameleta yao. Zikaunganishwa – yetu imezidi kimo kwa vidole vinne. Bosi Miwani wetu kasema meza ya serikali haikatwi. Mkubwa wao, mama wa suti ya kijani, kasema yao haipandishwi juu ya matofali kama sufuria. Wakanuna hadi saa tisa. Eti mkutano usogezwe miezi mitatu. Mtoto si atakuwa anakimbia!

Nikatua birika. "Wanangu, vyeo vyote hivyo, mmeshindwa na vidole vinne?"

Suti ya Kijani akaangalia viatu vyake.

Nikaenda kwa jirani yangu seremala, nikamwambia ang'oe mlango wa nyumba yangu. Akauliza kama nina homa. Ng'oa kwanza, homa tutapima baadaye.

Alhamisi, 6 Machi

Mlango umelala juu ya mapipa mawili ya lami, moja letu, moja lao. Kimo kimoja! Nimetandika shuka langu la maua. Bosi Miwani kaweka kalamu juu, haikubingirika. Wakakaa. Birika nne za chai. Mpaka wanacheka!

Nyumbani nimekuta mbuzi wa jirani kajilaza kitandani kwangu kama mkwe.

Ijumaa, 7 Machi

Bado. Kimebaki kifungu kimoja, cha watoto wasio na kitambulisho. Naandika hapa jikoni, pembeni ya chumba chao. Suti ya Kijani kaja mwenyewe, kaomba radhi kwamba nalala nyumba wazi.

"Mama, mlango wako tukurudishie lini?"

"Mkishafungua geti, mwanangu. Mimi sina haraka na mbuzi."

Kacheka, kabeba birika mwenyewe.

Kitindamimba yuko kwenye waya tangu asubuhi, mtoto mgongoni. Nimempungia asiondoke. Nimenawa mikono. Nimenawa tena. Huko ndani wamenyamaza – sasa nasikia viti vinasogezwa –