Askari Aliyelijua Jani la Homa

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Bukavu tuko salama, maman yako anakusalimia, na maharagi yamekomaa. Uliniuliza nani alinifundisha majina ya majani ya dawa. Ni wengi, na mumoja alikuwa askari.

Wakati wa vita nilikuwa ninachunga majani yaliyokaushwa kwa utafiti, katika nyumba moja karibu na Katana, kila jani ndani ya gazeti lake. Askari akaingia, akataka magazeti ya kusokotea tumbaku. Nikamufungulia moja. Akaliangalia lile jani, akaniambia:

"Maman, hili mama yangu alitupikia tukiwa na homa."

"Kwenu munaliitaje?"

Akataja jina, nikaliandika palepale. Akaondoka bila gazeti hata moja.

Jina lake mwenyewe sikumuuliza. Wewe uwe unauliza.

Mungu akuchunge,
Koko wako