Sikio la Mama Ukutani

Jumanne, 4 Machi

Sikio la tisa bado bichi. Rangi ya mafuta haina haraka, haraka ninayo mimi.

Yote tisa ni ya mama. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni ananipigia video, kisha anaibandika simu sikioni. Nimemweleza mpaka nimechoka. Mwaka wa tatu huu naongea na sikio, hereni na kipande cha dari. Nikaanza kuhifadhi picha za skrini, halafu kuzichora. Mita mbili kila moja! Mama hajui. Anachojua ni kwamba mwanawe anafanya mambo ya kompyuta.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi wa ukumbi wa maonyesho kaja karakana. Tunamwita Dhana, maana hamalizi sentensi bila neno hilo. Kasimama mbele ya sikio la nne, kafumba macho. Kutazama mchoro kwa kufumba macho — kazi kwelikweli. Akasema nahoji dhana ya mwili katika zama za mtandao. Nikaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nahangaika na rangi ya ngozi kwenye ndewe, basi.

Ila michoro peke yake, anasema, imelala. Anataka mama mwenyewe, simu yake ya video ionyeshwe moja kwa moja, ukuta mzima, siku ya ufunguzi: Jumamosi ya wiki ijayo, saa ileile. Na asiambiwe, akijua ataigiza. La sivyo ukuta mkubwa anapewa jamaa mwenye roboti inayopaka rangi kwa ufagio.

Nikasema nitafikiria. Moyoni nilishakubali kabla hajafika mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Jana mama kapiga. Nilikusudia kumwambia. Akauliza kama nimekula, nikasema nimekula, ujasiri ukaishia hapo.

Leo nimemweleza dada. Akasema mama hata homa yake huificha, leo nimwanike mbele za watu? Nikamjibu hii ni sanaa. Akauliza, kama ni sanaa, mbona naogopa kumwomba ruhusa. Dada ni muuguzi, amezoea kubonyeza panapouma. Nimekata simu nikiwa na hasira, na aibu pia.

Jumatano, 12 Machi

Maandishi ya kubandikwa ukutani kando ya michoro yamefika. Maneno mia mbili, nimeelewa kama sitini. Mama ameitwa "chanzo cha data". Nikaomba waandike tu "mama". Dhana akasema neno hilo lina hisia nyingi mno. Tumekubaliana "mzazi".

Nimetia saini kuyakubali.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa stoo ya ukumbi, nimekalia ndoo ya rangi nyeupe.

Saa kumi na moja simu iliita kwenye kompyuta. Watu themanini, glasi mikononi. Sikio likajaa ukuta, hereni kubwa kama sufuria. Makofi! Mama akauliza kelele gani hizo. Nikasema mvua.

Shikamoo, marahaba. Kisha akauliza: "Uko peke yako?"

Dhana alikuwa ananitazama. Nikasema, "Niko peke yangu, mama."

"Basi kaa chini. Dada yako sitaki ajue kwanza. Jumatatu nilikwenda kwa daktari."

Nikamwambia nitampigia baadaye. Akasema hapana, akinyamaza sasa hataweza kulisema tena. Dhana akaninyooshea kidole gumba. Wengine walikuwa wameshainua simu, wanarekodi. Nikasimama, nikatoka mbio. Mtu mzima mimi!

Mama hajaona kiti kitupu, simu iko sikioni. Bado anaongea. Namsikia kupitia ukuta, neno kwa neno, jina la ugonjwa na tarehe ya upasuaji. Kule ukumbini hakuna hata anayekohoa. Kuna mwanamke analia, si mama.

Waya wa mitambo yote unapita chini ya mlango huu. Plagi iko karibu na goti langu. Kuichomoa ni sekunde moja, lakini mama atabaki hewani peke yake, asijue nimesikia mpaka wapi. Na mimi badala ya kuamua nimefungua daftari. Najichukia.

Anauliza kama bado nipo.

Anauliza tena.

Huko ukumbini mtu amemjibu, kwa upole kabisa: "Tupo, mama."

Mama amenyamaza. Plagi nimeishika —